Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Kwa muda wa miaka 15 nimekuwa nikiwafundisha vijana wa mwaka wa pili somo linalohusu uchumi wa kisiasa wa utalii, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kulala hata usiku mmoja katika hoteli ya kitalii kwa fedha zangu mwenyewe. Nimelala humo mara nyingi kwa fedha za wengine: semina, warsha, makongamano, zile siku tatu za posho ambazo mtumishi wa umma anayesoma makala haya anazifahamu vyema kuliko mimi. Lakini kuingia kama mgeni, na mke wangu pembeni, bila mada ya kuwasilisha wala kitambulisho shingoni, kulinitokea kwa mara ya kwanza Januari iliyopita, tulipotimiza miaka 20 ya ndoa.

Uamuzi haukuwa wangu. Mama Neema ni muuguzi. Akitoka wodini huingia jikoni, na akitoka jikoni huna budi kumkuta akikagua madaftari ya watoto. Aliniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua: "Baba Neema, nataka siku tatu ambazo sitamwuliza mtu amekula nini, wala sitafikiria kesho tutapika nini." Hoteli aliyoichagua ipo pwani ya mashariki ya Unguja, na ni miongoni mwa zile zinazotoza malipo ya mara moja. Ukishalipa, chumba, chakula, vinywaji na burudani vyote vimo. Kulikuwa na bei nafuu kwa wakaazi. Tukalipa, tukavuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, na gari la hoteli likatupokea bandarini Malindi.

Tulipofika mapokezi tulipewa maji ya madafu, taulo baridi, na kila mmoja akafungwa mkononi utepe wa plastiki wa rangi ya buluu, ambao haufunguki mpaka ukatwe kwa mkasi. Utepe huo ndio pesa ya humo ndani. Unauonyesha baani, unapewa. Unauonyesha kwenye chumba cha chakula, unapita. Mtindo huu hauna asili ya kwetu. Kampuni ya Club Med, iliyoanzishwa na Mbelgiji Gérard Blitz mwaka 1950, ilianza na mahema katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, ikiwauzia watu wa Ulaya waliochoshwa na vita likizo ambayo chakula, malazi na michezo vililipiwa kwa pamoja. Baadaye wageni wake wakawa wanalipia vinywaji kwa shanga badala ya noti, ili wasahau fedha kwa siku chache. Sisi wa pwani hii tunayo historia yetu ya shanga zilizobadilishwa na vitu vya thamani, lakini tuliache hilo kwa sasa.

Sitaki kumdanganya msomaji: siku ya kwanza niliipenda. Nilikula kamba, nikala embe, nikalala mchana chini ya minazi mitatu iliyoinamia bahari, ambayo kila mgeni alikuwa akipigwa picha chini yake. Nilimtazama mke wangu akisoma kitabu kurasa 60 bila kuinuka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu Neema azaliwe.

Kilichonitibua kilikuwa kamba. Ufukweni, mbele ya vitanda vya kujilaza, palikuwa na kamba iliyofungwa kwenye vijiti. Upande mmoja wageni; upande wa pili vijana wauza vinyago, Wamasai wenye shanga, na wale vijana ambao Unguja huitwa mapapasi. Nilitoka kwenda kutembea, na niliporudi mlinzi akanisimamisha. Wazungu wawili waliotangulia walipita bila kuulizwa. Mimi nikaambiwa, kwa adabu kabisa, "Samahani mzee, naomba kuona mkono." Nikauinua. Akaomba radhi. Nikarudi kitandani nikiwa nimefura, nikaanza kumweleza mke wangu habari za tabaka, rangi na milki ya ufukwe. Alifunga kitabu akiacha kidole katikati ya kurasa. "Baba Neema, haya yote ni kweli. Lakini usinifundishe nikiwa likizo. Miaka 20 nimewahudumia watu. Niache nihudumiwe siku tatu." Sikuwa na jibu, na hadi leo sidhani kama kulikuwa na jibu.

Hata hivyo ni yeye, si mimi, aliyesema jioni ile kwamba haiwezekani tuondoke bila kumwamkia mama mdogo. Mke wangu ni mzaliwa wa Bagamoyo, na mdogo wa mama yake aliolewa Unguja katika miaka ya 1970, katika kijiji kile kile kilicho nyuma ya hoteli. Kutoka lango kuu hadi nyumbani kwake ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilivaa shati la mikono mirefu, na nakiri kwamba sikulivaa kwa sababu ya mbu.

Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuwaulizia walio hai na kuwarehemu waliotangulia, lilikuja swali lililokuwa likitusubiri. "Mmefikia wapi?" Mke wangu akataja hoteli. Mama mdogo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nyumba yangu ina nini?" Hakusema zaidi. Akaingia jikoni. Tulikula wali wa nazi na dagaa, ingawa tulikuwa tumeshiba kabla ya kutoka, na akatuomba radhi kwa kukosa samaki wa maana. Samaki wakubwa, alisema, wananunuliwa na mahoteli alfajiri, boti ikiwa haijafunga nanga. Yeye alilima mwani tangu zao hilo lilipoanza katika pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini bahari imezidi joto, aina yenye bei nzuri haistawi tena kama zamani, na kilo nzima ya mwani mkavu haifiki bei ya soda katika baa ya kitalii.

Kisha akauliza, kama mtu anayemuulizia jamaa: "Ile minazi mitatu iliyoinama bado ipo?"

Nikamwambia ipo. Sikumwambia kwamba nililala chini yake.

Ilikuwa minazi ya marehemu mumewe. Hapa inafaa nieleze jambo ambalo wanafunzi wangu huona gumu kulielewa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa Serikali. Mwanakijiji anaweza kumiliki mti, lakini si udongo uliouotesha. Zanzibar ilipofungua milango kwa wawekezaji, kwa sheria ya mwaka 1986 na nyingine zilizofuata, mwekezaji alikuwa akikodishwa ardhi na Serikali, na mwanakijiji akilipwa fidia ya mali iliyo juu yake: minazi, miembe, ukuta wa nyumba. Sheria iliyokusudiwa kumwondoa bwana shamba ndiyo iliyomrahisishia kazi mwenye hoteli, kwani hakuwa na haja ya kupatana na kijiji. "Walikuja na daftari," mama mdogo alisema, "wakahesabu minazi, wakatulipa. Ile mitatu wakaiacha kwa kuwa ni mizuri." Alitaka kujua kama bado inazaa. Nilipofikiri nikakumbuka kwamba haikuwa na hata dafu moja. Wafanyakazi huyakata yakiwa machanga ili yasimwangukie mgeni kichwani.

Tulipoaga alitusindikiza hadi njiani, akasema maneno ambayo kwa adabu ya pwani yana uzito: "Kesho nami nitakuja kuwatembelea."

Alikuja saa nne asubuhi, amevaa buibui jipya, kikapu mkononi, na ndani yake mkate wa kumimina aliouamkia usiku. Tulipigiwa simu kutoka langoni. Mlinzi alikuwa kijana wa kijiji hicho hicho. Alikuwa amemwamkia, amempa kiti chake mwenyewe akae kivulini, na amemweleza kwa unyonge kwamba mgeni asiyelala hotelini hulipa dola 40, na kwamba chakula cha nje hakiingii. Sikumlaumu yule kijana. Alikuwa na kazi, na kazi ni haba. Nikatoa pochi. Mama mdogo aliitazama pochi, kisha akanitazama mimi. "Nilipe kiingilio? Hapa? Weka pesa yako, baba."

Mke wangu alikwisha kuamua. Alitoka nje ya lango, akatandika kanga yake chini ya mvinje ulio kando ya barabara, na sote watatu tukaketi hapo tukala mkate wa kumimina kwa mikono yenye utepe na mkono usio na utepe. Mabasi madogo ya wageni kutoka uwanja wa ndege yalipita, na baadhi yao walitupungia.

Nimeyafikiria mengi tangu siku hiyo. Mwaka 1970 katika nchi hii kulikuwa na mjadala mkali magazetini, ulioanzishwa na vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu kama nchi inayojenga ujamaa inaweza kujenga pia hoteli za watalii. Profesa Issa Shivji aliukusanya mjadala huo katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Vijana wale waliogopa unyenyekevu: taifa la wapokea bakshishi. Nilipokuwa kijana niliwaunga mkono bila masharti. Leo nadhani waliona jambo la kweli, lakini mtindo wa malipo ya mara moja umeleta jipya ambalo hatukulijadili vya kutosha. Ukuta mkubwa wa hoteli ile haukuwa kamba wala mlinzi. Ulikuwa bei. Mgeni aliyekwisha kulipia chakula cha mchana akiwa kwao hana sababu ya kununua pweza wa kuchoma kwa mama lishe kijijini. Akinunua, amelipa mara mbili. Hana sababu ya kukodi baiskeli, kuonja urojo, wala kuuliza njia. Hata awe na moyo mwema namna gani, hesabu inamrudisha ndani.

Ndugu msomaji, sisemi wageni wasije. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya laki saba, kwa visiwa vyenye watu wapatao milioni mbili, na yule kijana wa langoni ni mmoja wa wengi wanaoishi kwa ajili yao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje apone peke yake. Methali ile inamfikiria mgeni anayekula chungu kimoja na mwenyeji, ambaye kwa ajili yake kuku anachinjwa na watoto wa nyumba nao wanapata mchuzi. Mgeni asiyekutana na mwenyeji hawezi kumponya.

Wapo wasomaji wa ukurasa huu wanaokaa katika ofisi zinazoandika mikataba ya ukodishaji. Kwenu nina maswali yasiyohitaji mtaalamu wa nje. Je, haiwezekani mkataba useme ni kiasi gani cha samaki, mboga na matunda kitanunuliwa katika shehia husika, na kwa utaratibu usiowaacha wanakijiji bila kitoweo? Je, njia ya watu kwenda baharini haiwezi kuchorwa kwenye ramani kabla ukuta haujajengwa? Je, malipo ya ardhi hayawezi kukiachia kijiji fungu la kila mwaka, badala ya bei ya minazi iliyolipwa mara moja kwa kizazi kilichokwisha kufariki? Na kwenu wanafunzi: msiniige. Nilifundisha utalii miaka 15 bila kujua kwamba mama mkwe wangu mdogo aliwahi kuwa na minazi.

Tuliporudi, boti ilipokuwa inakata mkondo wa Unguja, mke wangu aliniambia kwamba alipumzika kweli, na kwamba haoni haya kulisema. Nikamwambia hana sababu ya kuona haya. Akakaa kimya, kisha akasema mwakani tufikie kwa mama mdogo. Nikamuuliza kama hiyo itakuwa likizo, maana huko kuna jiko la kuni, na nani atapika?

"Wewe," akasema.

Sijui kupika pweza. Nina miezi michache ya kujifunza.