Bastola Kando ya Kitanda cha Mgonjwa



Wapendwa Taifa la Mungu, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja wa jumuiya alinisubiri mlangoni pa sakristia akiwa na swali ambalo hakutaka kuliuliza mbele ya wenzake. Binti yake ni muuguzi huko Texas, nchini Marekani. Hospitali anamofanya kazi imebandika tangazo la kukataza silaha, lakini binti ana bastola aliyoinunua kihalali, na sasa anataka kuificha mkobani kila aingiapo zamu ya usiku. "Baba Padre, je, ni dhambi?" Nilimwomba anivumilie juma moja. Yeye na binti yake wamekubali nijibu hapa.

Muda huo sikuuomba kwa kutojua mafundisho. Swali lake liliamsha jambo ambalo nimelinyamazia miaka mingi.

Niliwahi kutumwa Texas kuhudumia wagonjwa hospitalini. Katika jimbo lile, tangu mwaka 1996, raia mwenye kibali huruhusiwa kubeba bastola iliyofichwa chini ya nguo, na tangu Septemba 2021 wengi waliotimiza miaka 21 hawahitaji hata kibali. Mwenye jengo asiyetaka silaha aweza kubandika tangazo lenye maneno yaliyowekwa na sheria, kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zisizopungua urefu wa inchi 1. Mimi, mtoto wa kijijini, nilipoliona mara ya kwanza nilidhani linaeleza saa za kutazama wagonjwa. Pale kwetu hapakuwa na mtu wa kumpekua aingiaye. Tangazo lilitegemea dhamiri ya anayelisoma.

Nianze na upande wa binti, maana hofu yake si ya kubuni. Tarehe 24 Julai 2014, katika hospitali ya Kikatoliki ya Mercy Fitzgerald huko Darby, Pennsylvania, mgonjwa mmoja alimpiga risasi mhudumu wake akamwua, kisha akamgeuzia bunduki daktari wa magonjwa ya akili. Daktari alijeruhiwa kidogo, akatoa bastola yake mwenyewe, akampiga mshambuliaji, na wenzake wakamkamata. Kanuni za hospitali hazikuwaruhusu wafanyakazi kubeba silaha. Daktari alikuwa amezivunja, na wakuu wa vyombo vya usalama walisema hadharani kwamba aliokoa maisha ya watu. Mwaka 2022, tarehe 1 Juni, katika hospitali nyingine ya Kikatoliki, Saint Francis ya Tulsa, Oklahoma, mtu aliyelalamikia maumivu baada ya upasuaji aliwaua watu wanne. Hao hawakuwa na mtu wa kuwatetea kwa wakati.

Basi sitamwambia binti kwamba tangazo la ukutani huzuia risasi. Wala sitamhukumu daktari yule. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba anayejilinda kwa nguvu ya kiasi anakusudia kuokoa uhai wake, wala si kuua, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2263–2265) inashika mafundisho hayo, tena inaongeza kwamba kwa aliyekabidhiwa uhai wa wengine, kujilinda kwaweza kuwa wajibu mzito. Hata katika karamu ya mwisho mitume walikuwa na panga mbili (Lk 22:38). Saa chache baadaye moja lilikata sikio la mtumishi wa Kuhani Mkuu, naye Bwana, akiwa tayari mikononi mwa maadui, alilazimika kuponya jeraha lililofanywa na mfuasi wake.

Jeraha la namna hiyo ndilo linalonitia shaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, walihesabu matukio 154 ya kupigana risasi hospitalini Marekani kati ya miaka 2000 na 2011, yenye waathirika 235. Katika asilimia 23 ya matukio ya vyumba vya dharura, silaha ilikuwa ya mlinzi, naye alikuwa amenyang'anywa. Ikiwa mlinzi aliyefundishwa hunyang'anywa, vipi muuguzi anayeinama kumgeuza mgonjwa aliyechanganyikiwa saa tisa usiku, ilhali mkoba wake umening'inia kitini? Mgonjwa yule hakuulizwa kama anakubali kulala karibu na bastola. Binti na adai walinzi, adai milango inayofungwa, adai asiachwe peke yake wodini. Na wakimkatalia, kuacha kazi ile si woga. Lakini bastola na aiache nyumbani.

Hayo ningeweza kuyasema palepale sakristia. Yaliyobaki ndiyo yaliyonichelewesha. Hayakuwa maungamo, mhusika amekwisha kufariki, nami nimebadili mambo madogo asitambulike.

Alikuwa mzee Mkatoliki, mkewe akiwa mahututi. Nilipomaliza Mpako wa Wagonjwa alinikumbatia kwa shukrani, nami nikahisi kitu kigumu kiunoni mwake. Alijua kwamba nimekihisi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kuvamiwa usiku, na tangu hapo huivua wakati wa kulala tu. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba ni mtu mwema, kwamba mimi ni mgeni katika nchi ya watu, kwamba si kazi ya padre kupekua viuno. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwudhi. Siku nne tulisali Rozari pamoja, na mara zote nilikuwa nikiwaza mtu mwingine akiingia na kumtisha, na mzee akifyatua.

Sikuwa nimemfikiria mzee mwenyewe. Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi nchini Marekani ni vya watu wanaojiua, nami sikulijua hilo wakati ule. Usiku wa tano mkewe aliaga dunia. Muuguzi aliponiita, mzee alikuwa amewaomba wote watoke wamwache na marehemu. Nilimkuta ameketi, halii, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya koti. Alikuwa akiwaza nini, sikumwuliza kamwe, naye hakunieleza. Niliketi kando yake. Baada ya kitambo nikamwambia, "Mzee wangu, twende kwanza tukaiweke hiyo garini, halafu turudi tumwombee mama."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka. Tulipita mapokezi, tukalipita lile tangazo, tukafika kwenye maegesho ya magari. Alitoa risasi moja moja kwa vidole vilivyotetemeka, zote sita, akazitia kiganjani mwangu. Bastola akaifungia garini.

"Kaa nazo, Padre," alisema, "mpaka tumalize mazishi."

Tukarudi ndani tukasali. Mazishi yalipita, na miezi ikapita. Kila Dominika alikuja Misa na kunipa mkono mlangoni, wala hakuzidai.