MIAKA 20 NA MIEZI 3



Leo nataka tutazame nyumba mbili zilizokaa na sanduku la agano.

Nyumba ya kwanza ni ya Abinadabu, kule Kiriath-yearimu. 1 Samweli 7 inasema sanduku lilikaa huko siku nyingi, hata miaka 20 ikapita. Tunaikuta tena familia hiyo katika 2 Samweli 6, Uza na Ahio wakiendesha gari jipya lililobeba sanduku. Torati ilitaka Walawi walibebe mabegani. Wao wakalipandisha kwenye gari, jinsi Wafilisti walivyofanya. Ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyoosha mkono akalishika, akafa pale pale.

Huyu hakuwa mgeni. Sanduku lilikuwa nyumbani kwao! Mtu anaweza kukaa karibu na kitu kitakatifu mpaka akakizoea kama kabati ya sebuleni. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Nyumba ya pili ni ya Obed-edomu, Mgiti. Mtu amekufa, Mfalme Daudi mwenyewe ameogopa kulipeleka sanduku mjini kwake, na sasa linageuzwa njia kuelekea mlango wako. Ungefungua? Kwa Obed-edomu liliingia. Likakaa miezi 3 tu, na Bwana akambariki yeye na nyumba yake yote, hata habari zikamfikia mfalme.

Mpendwa, sisi hatuna sanduku. 1 Wakorintho 6:19 inatufundisha kwamba mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kama umeokoka, Mungu yuko kwako tayari. Swali ni hili: umempokea kama Obed-edomu, au umemzoea?

Pengine umeokoka miaka 15. Unajua wakati wa kuinua mikono na wakati wa kusema Amina. Unaombea chakula macho yakiwa kwenye simu. Ijumaa kwenye kesha ulilia machozi, lakini Jumatatu asubuhi unamtukana konda kwa sababu ya chenji ya shilingi 20, kana kwamba Roho alishuka stejini ukabaki peke yako. Watoto wako wanakusikia ukinena kwa lugha kanisani, na nyumbani wanasikia kelele tu.

Ndugu yangu, dada yangu, hapo ndipo moyo hufungwa. Haufungwi kwa siku moja. Unafungwa kidogo kidogo, kila mara Roho anaposema nawe na wewe unasema, "Baadaye."

Wiki hii anza na mambo madogo. Kabla hujagusa simu asubuhi, msalimie Bwana, hata kama unawasha jiko. Ukiwa kwenye foleni ya hospitali, ukiosha vyombo, ukipalilia shamba, muulize, "Bwana, hapa unataka nini?" Halafu nyamaza kidogo. Akikukumbusha yule ndugu ambaye hamjasalimiana tangu mgawane shamba la baba, mpigie siku hiyo hiyo. Usingoje kesha. Utii wa jambo dogo ndio unaoweka mlango wazi.

Na usidhani faida ni yako peke yako. Soma 1 Mambo ya Nyakati 26. Wana wa Obed-edomu, pamoja na wana wao na ndugu zao, wamehesabiwa huko, watu 62, wote wenye uwezo wa kuhudumu kama mabawabu wa nyumba ya Bwana. Baba alifungua mlango wa nyumba yake, na wazao wake wakakabidhiwa malango ya Mungu.

Tuombe: Bwana Yesu, tusamehe kwa kukuzoea. Karibu tena jikoni kwetu, kazini kwetu, safarini kwetu. Sema, nasi tutatii leo. Nyumba hii ijulikane kwamba wewe unakaa humu. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama Neno hili ni lako, sema Amina, kisha umpigie yule mtu.