Noeli ya Robanda Hupikwa kwa Majuma Manne



Jina la Serengeti mmelisikia wote, lakini wanaoijua Robanda ni wachache. Ukitoka Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti mkoani Mara, ukashika njia ya kwenda lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa, utaikuta Robanda kabla hujaingia mbugani. Ni kijiji cha Waikoma, pamoja na jamaa wa makabila mengine waliokuja kukaa nao. Upande mmoja yako mashamba ya mtama, muhogo na mahindi. Upande wa pili ni nyasi na migunga, na humo wamo swala, nyati na tembo. Hakuna ukuta kati ya shamba na pori. Tembo akitamani mtama huja usiku akaula, na asubuhi mwenye shamba huokota mabua.

Watu hutoka nchi za mbali kuja kutazama wanyama hao. Sisi leo tuwaache wanyama, tuingie jikoni, tutazame jinsi chakula cha Noeli kinavyopatikana katika kijiji cha namna hii.

Mwezi wa Desemba si mwezi wa ghala kujaa. Mvua za vuli zinanyesha, jembe liko shambani, na chakula cha mavuno yaliyopita kimekwisha kupungua. Ndipo Noeli inapokuja. Watoto wanataka nyama na mandazi, na wageni wako njiani. Mwenye nyumba asiyejiandaa hufika tarehe 24 mikono mitupu, na hapo njia tatu za mkato humwita. Ya kwanza ni muhogo wa haraka, ya pili ni mtego porini, na ya tatu ni daftari la deni dukani. Zote tatu huonekana fupi, na zote tatu huishia mahali pabaya.

Lakini Mama Kanisa ametupa Majilio. Ni majuma manne, ingawa la nne mara nyingine huwa fupi. Twayatumia kutengeneza roho zetu, na ndivyo ipasavyo. Nasema yafaa pia kuyatumia kutengeneza chakula. Nyumba inayoianza Noeli katika Dominika ya kwanza ya Majilio haina haja ya kukimbia tarehe 24. Basi, tulifuate kila juma na kazi yake.

Juma la kwanza: muhogo na mtama

Ugali wa sikukuu huku kwetu si lazima uwe mweupe. Ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo ni chakula cha heshima. Chukua sehemu 2 za unga wa mtama na sehemu 1 ya unga wa muhogo. Mtama huleta ladha na nguvu, muhogo huushikanisha ugali usimeguke ovyo mkononi.

Akina mama, hapa nawaomba mnisikilize sana. Muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo hutolewa kwa kazi na kwa siku. Menya muhogo, uuloweke katika maji mengi siku 3 au 4 mpaka ulainike, uuvunje vipande vidogo, kisha uuanike juani mpaka ukauke kabisa. Ndipo usage. Ikiwa mvua ya vuli inakatiza jua, hesabu siku zaidi. Ndiyo sababu naiweka kazi hii katika juma la kwanza.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime, jirani zetu wa mkoa huu huu, walikula muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka kwa sababu ya njaa. Baadhi yao, hasa watoto na wanawake, wakapatwa na ugonjwa unaoitwa konzo, ambao hukaza miguu ghafula mtu asiweze kutembea sawasawa, na miguu hiyo hairudi kuwa kama zamani. Wale walisukumwa na njaa. Sisi tusisukumwe na haraka ya sikukuu.

Juma la pili: jogoo na karanga

Sasa twafika kwenye nyama, na hapa ndipo penye jaribu kubwa la Robanda.

Wazee wa Waikoma walikuwa wawindaji hodari. Walijua upinde na sumu ya mshale, walijua njia za nyumbu, wakakausha nyama na kuiuza hata kwa Wasukuma. Hawakuwa wezi; waliwinda katika nchi yao kwa desturi zao. Lakini Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliundwa mwaka 1951, na sheria ya leo, ile ya mwaka 2009, humkataza mtu kuwinda bila kibali. Tangu mwaka 2020 kanuni za serikali zimeruhusu bucha zenye leseni kuuza nyamapori. Anayeitamani sana na ainunue huko, kwa haki. Mtego wa waya ni jambo jingine.

Tufikiri kama baba wa nyumba. Kwa kawaida, wakati wa Noeli makundi makubwa ya nyumbu yamekwisha kwenda nyanda za kusini, ambako huzaa mnamo Januari na Februari. Anayeingia porini tarehe 23 usiku atakutana na nyati, au tembo, au askari wa wanyamapori. Nyati akimjeruhi, Noeli ni ya msiba. Askari akimkamata, Noeli ni ya mahabusu, na watoto waliongoja nyama watakula ugali na machozi. Tena Robanda ni mojawapo ya vijiji 5 vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, ambavyo hupata fungu katika fedha za watalii. Aliyetega mtego ametega hata mfuko wa kijiji chake.

Jibu la mtego ni jogoo. Katika juma la pili chagua jogoo mmoja, mtenge, mpe pumba na mtama, wala usimwuze hata ukibembelezwa. Pamoja naye weka kando kikombe 1 cha karanga, uzifiche mbali na mikono ya watoto.

Siku ya sikukuu jogoo huyo hupikwa hivi. Mkate vipande vidogo, umchemshe kwa chumvi na tangawizi kwa moto wa wastani, saa moja na nusu au mbili, maana jogoo wa kienyeji hana haraka. Kaanga karanga bila mafuta, ondoa maganda, zitwange mpaka zilainike. Katika sufuria nyingine kaanga vitunguu 2, tia nyanya 4, ziache zivurugike. Tia kuku na mchuzi wake, kisha karanga zilizokorogwa kwa maji kidogo. Punguza moto, ukoroge kila mara kwa dakika 15 au 20, kwa sababu karanga hupenda kukaa chini na kuungua. Mafuta yakianza kuelea juu, chakula ki tayari.

Karanga zina faida hii: huuongeza mchuzi. Jogoo mmoja peke yake hugombewa na watu watano. Jogoo wa karanga hutosha watu wanane au kumi, na kila mmoja huondoka ameshiba.

Juma la tatu: unga wa ngano

Dominika ya tatu ya Majilio huitwa Dominika ya Furaha. Ni juma zuri la kwenda dukani na fedha mkononi. Ngano hatulimi, lazima inunuliwe. Lakini tofauti ni kubwa kati ya mama aliyeweka shilingi kidogo kila juma, katika kopo, na mama aliyechukua unga, sukari na mafuta kwa kuandikwa. Sikukuu ni siku moja, na Januari ni mwezi mzima. Januari shule zinafunguliwa, madaftari na sare zinangoja. Mandazi ya deni huliwa kwa dakika kumi, hulipwa kwa miezi.

Ikiwa fedha zinatosha kilo 2 tu za unga, nunua kilo 2, ushukuru. Usiache kununua hamira, hata kidogo, maana ndiyo itakayoinua mkate.

Juma la nne: mkate wa sufuria

Mkate hauhitaji tanuri la mjini. Unahitaji makaa, sufuria mbili, bati na subira.

Chukua vikombe 3 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha unga wa mtama uliochekechwa. Usizidishe mtama, kwa kuwa hauna ule mnato wa ngano, na mkate hautapanda. Tia hamira kijiko kidogo 1 na nusu, sukari vijiko vikubwa 3, chumvi nusu ya kijiko kidogo, na samli vijiko vikubwa 2. Ongeza maziwa au maji ya vuguvugu kikombe 1 na robo, kidogo kidogo. Maji yakiwa ya moto sana huiua hamira. Kanda dakika 10 mpaka unga uache kunata mikononi. Funika kwa kitambaa safi, uache mahali penye joto mpaka uumuke mara mbili ya kwanza, yapata saa moja au zaidi. Ukande tena kidogo, uweke katika sufuria ndogo iliyopakwa samli, uache uumuke nusu saa nyingine.

Wakati huo weka sufuria kubwa juu ya makaa machache, ndani yake mchanga mkavu au vijiwe vitatu. Ikipata moto, ingiza ile sufuria ndogo, funika kwa bati, na juu ya bati panga makaa mengi. Shika neno hili: makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Wengi hufanya kinyume, wakapata mkate mweusi chini na mbichi juu. Baada ya dakika 40 choma kwa kijiti kikavu. Kikitoka safi, mkate umeiva. Uache upoe kabla ya kuukata.

Kazi hii ifanyike tarehe 24 mchana. Zamani mkesha wa Noeli ulikuwa siku ya kufunga. Amri hiyo ilikoma mwaka 1966. Hata hivyo si vibaya jioni ile kula dagaa na mboga za majani tu, ili nyama iwe na maana kesho yake. Mapema ulale. Padre ana vigango vingi, hawezi kuwa kila mahali usiku wa manane, na pembeni mwa mbuga si busara kutembea gizani pamoja na watoto. Misa ya mchana ni Misa ya Noeli sawasawa.

Na meza ikiwa tayari

Jina Bethlehemu, kwa lugha ya Kiebrania, maana yake ni nyumba ya mkate. Bwana wetu alizaliwa katika mji wenye jina hilo, akalazwa katika hori, mahali pa kulishia wanyama. Basi mkate wako wa sufuria, wenye rangi ya mtama, si mkate wa aibu mbele ya Mtoto Yesu. Kilicho cha aibu ni mkate uliokatwa mlango ukiwa umefungwa.

Kwa hiyo, kabla watoto hawajaketi, kata mkate vipande, utenge kimoja pamoja na bakuli la mchuzi. Mpe mtoto mkubwa apeleke kwa mjane wa jirani, au kwa mgonjwa ambaye hakuweza kufika kanisani, au kwa nyumba ambayo tembo walikula shamba lake mwaka huu. Jirani huyo hakukosa kujiandaa, alijiandaa, akanyang'anywa. Mchuzi wa karanga uliongezwa kwa ajili yake pia.

Wasomaji wapenzi, ninyi mnaokaa mbali na Serengeti hamna nyati mlangoni, lakini njia za mkato hazikosekani popote. Dominika ya kwanza ya Majilio ikifika, loweka muhogo wako. Nawatakia Noeli njema na yenye amani.