Heshima ya Wasiopanda Jukwaani

Kwetu Wanging'ombe, ukisema unakwenda kwenye sanaa, watu hutaka kujua kama unaimba au unacheza. Nami niliulizwa hivyo nilipokuwa napanda basi Makambako kuelekea Bagamoyo. Nilipojibu kwamba naenda kufanya kazi nyuma ya jukwaa, wazee wangu walinitakia safari njema, lakini niliona hawakuridhika. Sikuwa na maelezo ya kuwapa wakati ule. Leo ninayo.

Tamasha la Sanaa na Utamaduni la Bagamoyo lilianza mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa chuo cha sanaa ambacho sasa tunakiita TaSUBa. Vikundi huja kutoka mikoani na nchi za nje, kila kimoja na ngoma zake, mavazi yake na muda wake kwenye ratiba. Mtazamaji huona kikundi kinatoka, mshereheshaji anasema mawili matatu, kingine kinaingia. Katika dakika hizo chache ndipo kazi yetu ilipo. Maikrofoni za waimbaji ziondolewe, za marimba zishushwe, nyaya zibandikwe sakafuni asije akajikwaa mchezaji anayecheza pekupeku, na fundi mitambo athibitishe kwamba sauti inafika hadi viti vya nyuma.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kupasha ngoma. Jioni upepo wa bahari huja na unyevu, ngozi iliyokaza mchana ikalegea, na ngoma iliyolegea haisikiki vizuri hata mpigaji awe hodari namna gani. Kwa hiyo moto mdogo huwashwa nyuma, mbali na taa. Mpashaji huchuchumaa, huinamisha ngoma kuelekea kwenye joto, huizungusha taratibu, kisha huigonga kwa ncha za vidole na kutega sikio. Akizidisha moto, ngozi hupasuka. Akiiondoa mapema, italegea kabla wimbo wa pili haujaisha. Jioni moja niliinua ngoma nianze kuipasha, mzee niliyekuwa namsaidia akanizuia: "Hiyo bado, mwanangu. Mpaka waingie itakuwa imepoa." Alikuwa anafuatilia kikundi kilichokuwa jukwaani, anajua zimebaki nyimbo ngapi. Hapo nilielewa kwamba kumhudumia mtu kunataka ujue saa yake, wala si saa yako. Bidii peke yake haitoshi, kwa sababu msaada uliowahi mno unaweza kupotea sawa na uliochelewa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, mchezaji hutunzwa noti mbele za watu, ila aliyempashia ngoma hatunzwi. Kwa muda jambo hilo lilinikera. Kilichonituliza ni kumkumbuka mgema wa ulanzi wa kwetu. Wakati wa mvua huingia kwenye mianzi asubuhi na jioni, akakwangua ncha ya chipukizi ili liendelee kutoa. Wanaokunywa kilabuni huenda hawamjui hata kwa jina, lakini yeye anaujua ulanzi wake, na tunaonywa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Asiyefanya kazi kwa ajili ya kusifiwa hubaki na kipimo kimoja tu, nacho ni kazi yenyewe.

Hata hivyo, kukosa makofi ni jambo moja na kukosa ujira ni jingine kabisa. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na ambalo wengi tunalijua kwa maonyesho yake ndani ya Ngome Kongwe, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu fedha za kuliendesha hazikutimia. Likarejea mwaka 2017. Wanamuziki walikuwepo, mashabiki walikuwepo, na Ngome Kongwe haikuhama. Tamasha halisimami kwa vipaji tu. Kuna nauli, malazi, jukwaa, mitambo na watu wa kuyaendesha yote hayo, na kila kimoja kina gharama yake hata kama hakionekani kwenye picha.

Ndiyo maana nawaomba ndugu zangu wanaoandaa mahafali Igwachanya, harusi Makambako au mikutano ya injili Njombe mjini: bajeti ikibana, msianze kupunguza kwa fundi spika, kwa anayelinda jenereta na kwa anayepanga viti alfajiri. Hao ndio wanaofika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Wapeni chakula kabla shughuli haijaanza, walipeni siku hiyohiyo, na mshereheshaji atakaposimama kutoa shukrani, awataje kwa majina.