Mara Ngapi kwa Siku?

Swali lililonifurahisha kuliko yote mwezi huu nimeulizwa na mtaalamu anayenisafisha meno hapa Leicester. Alikuwa ameshasoma kwenye fomu kwamba sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Nikajiandaa kwa yale yale: protini unapata wapi, mwili hauishiwi nguvu? Yeye akauliza: "Kitu chenye sukari unakitia mdomoni mara ngapi kwa siku?" Hakuuliza kiasi gani. Aliuliza mara ngapi, akasubiri nihesabu.

Kwetu Unguja ukifika kwa daktari wa meno swali ni moja: lipi? Unaonyesha kwa kidole, unachomwa ganzi, koleo, pamba, unarudi nyumbani umeshika shavu. Magego ya mama mkubwa wangu wa Mkunazini yamekwenda hivyo, moja baada ya jingine, na hapana aliyewahi kumuuliza anakula nini kati ya asubuhi na usiku. Siwalaumu madaktari. Mtu anayekwenda jino likiwa limeshaoza mpaka kwenye mzizi hakuwaachia la kufanya. Lakini swali lile lingeulizwa miaka thelathini nyuma, leo mama mkubwa angekuwa anatafuna karanga.

Sababu yake ni hii. Kila sukari ikiingia mdomoni, vijidudu vilivyo kwenye ukoga wa meno vinaigeuza tindikali, na ndani ya dakika chache ganda la jino linaanza kupoteza madini. Mate ndiyo yanayorudisha hali, nayo yanahitaji nusu saa au zaidi. Ukila kashata tatu pamoja na chakula, umeyapa mate kazi moja. Ukimega kashata hizo hizo kidogo kidogo tangu alasiri mpaka isha, mate hayapati nafasi. Wasweden waliligundua hili miaka ya 1940 katika hospitali ya Vipeholm, kwa kuwalisha tofi za kunata watu wenye ulemavu wa akili wasioweza kukataa. Ni jambo la aibu kubwa, na elimu yake ndiyo tunayoitumia mpaka leo.

Basi mla mimea mitupu asijidanganye. Huku kila kitu kina toleo letu, tena katika mji alioishi Donald Watson, mmoja wa walioanzisha chama cha wavegani mwaka 1944. Chukua maziwa ya shayiri. Pakiti imeandikwa haikuongezwa sukari, lakini unaonja utamu, kwa sababu kiwandani wanga wa shayiri huvunjwavunjwa ukawa sukari. Mengi yanatiwa kalsiamu, miligramu 120 katika kila mililita 100, nayo hutuama chini kabisa. Usipotikisa pakiti, kalsiamu yako unaitupa pamoja na boksi.

Bibi yetu wa Makunduchi hakuwa na pakiti. Siku nyingi sahani yake ilikuwa muhogo wa nazi, kunde, mchicha, mkate wa ufuta. Watu hupenda kunitajia bibi kama ushahidi kwamba wazee wetu walikula mimea na meno yao yalikuwa imara. Ndiyo, lakini pembeni ya sahani palikuwa na dagaa, na dagaa huliwa na miiba yake, na miiba ile ni kalsiamu. Ukimwondoa dagaa lazima umlipe. Ufuta unamlipa kwa kiasi tu. Mchicha haumlipi, kwa sababu kalsiamu yake imeshikwa na oksaleti na mwili hauipati kirahisi. Sukuma wiki ni bora zaidi. Na vitamini B12 hiyo ni kidonge au chakula kilichoongezwa, hakuna njia ya mkato. Ikipungua, ulimi unakuwa mwekundu, laini, unauma hata kwa chai vuguvugu.

Dukani juzi nilisoma viambato vya dawa ya meno iliyopigwa muhuri wa vegani. Nikakuta karajinani. Inatoka kwenye mwani mwekundu, na aina inayofaa kwa dawa ya meno ni ile ile spinosum ambayo mama zetu wa Paje na Jambiani wanailima tangu mwaka 1989, maji kiunoni, jua la utosini. Nilisimama pale na hasira. Huku mwani ni fahari kwenye rafu. Kwetu aliyeufunga kwenye kamba haoni hata robo ya faida.

Binamu yangu anasema yote haya ya nini, mswaki wa mti unatosha. Mswaki naupenda, ninao kwenye mkoba, na ukiutafuna vizuri unaondoa ukoga barabara. Ila floraidi ya kutosha hauna, na magego ya nyuma unayafikia kwa tabu. Nautumia mchana, asubuhi na usiku natumia dawa yenye floraidi, natema bila kusukutua. Tumebishana mpaka simu ikaisha chaji.

Kinachonitia wasiwasi kweli ni ubuyu wetu. Mimea mitupu, hauna hata tone la maziwa. Unga wenyewe ni mchachu, umepikwa na sukari na rangi nyekundu, na haumezwi: mtoto anatia kokwa mdomoni, anaimumunya mpaka iwe nyeupe, anatema, anatia nyingine, kuanzia skuli mpaka chuo cha Kurani. Tindikali ya tunda na tindikali ya sukari kwa pamoja, saa nzima. Nimemwomba dada yangu pale Michenzani wanawe wale ubuyu mara moja tu, baada ya chakula cha mchana, kisha wasukutue kwa maji. Kwa ubuyu amekubali. Chai tamu ya watoto kabla ya kulala ameniambia nisiiguse, na Ijumaa nitampigia tena.