Bei ya Chuma na Bei ya Mkono

Ndugu msomaji, kama huna gari usilifunge jarida. Hata mimi sina. Ila kwetu Malolo, wilayani Kilosa, kijana mwenye mwandiko unaosomeka hapumziki: atapewa daftari aandike hesabu za wakubwa. Mimi kwa miaka mitatu sasa naandika za pikapu ya mjomba. Ni Toyota Hilux ya dizeli, imenizidi umri, na kazi yake ni kutoa vitunguu kwenye mashamba yanayonyweshwa na mto Mwega na kuvifikisha Ruaha Mbuyuni, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Iringa.

Washikaji wakijua naandika hesabu hizo huniuliza, "Hivi kutengeneza gari ni shilingi ngapi?" Swali hilo, bwana, ni sawa na kuuliza harusi ni shilingi ngapi. Inategemea nani anaoa, wapi, na wageni wamefika na njaa kiasi gani. Lakini kila bili niliyoiandika ina mafungu matatu: bei ya chuma, yaani spea; bei ya mkono, yaani ufundi; na bei ya mahali ulipoharibikiwa.

Hebu tuichukue klachi ya mwaka jana. Disiki na presha pleti 180,000. Beringi 35,000. Oili ya gia boksi 36,000. Nauli ya bodaboda ya kumleta fundi na kumrudisha 20,000. Ufundi 60,000. Jumla 331,000. Mjomba akaisoma karatasi, akapita juu ya ile 180,000 kama mtu anayevuka mfereji mkavu, akaja kusimama kwenye 60,000.

"Fundi, elfu sitini ya nini? Si unafungua tu na kufunga?"

"Basi mzee, shikamoo, spana hizi hapa. Fungua, mi nitafunga."

Tulicheka wote, ila mjomba hakuachia. Wakaishia 45,000. Fundi akalala chini ya gari saa sita nzima, oili ikimdondokea shingoni, taniboi wake akimpa spana namba 12, namba 14, namba 17. Katika 316,000 zilizotoka siku ile, fungu lake halikufika hata moja ya sita.

Baada ya miezi miwili klachi ikaanza kuteleza. Boksi la disiki lilikuwa zuri, lina maandishi ya Kijapani na kamba ya plastiki, lakini ndani mlikuwa na kitu feki. Sasa sikiliza maajabu. Dukani hakwenda mtu, maana risiti haikuwepo. Aliyeitwa ni fundi. Akasemwa yeye, akapunguziwa ufundi kwa mara ya pili, akabaki na 40,000. Ama kweli, mwenye duka alilala usingizi wake na aliyeinama ndiye aliyepigwa.

Tangu hapo nalipitia daftari kwa jicho jingine. Kila ukurasa tumepatana bei ya mkono. Bei ya chuma tumepatana mara chache sana. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu chuma kina boksi na mkono hauna. Mkono uko mbele yako, una jasho, una njaa, unajua kabisa kwamba ukikataa wewe ataitwa mwenzako wa gereji bubu ya pili. Kule Mikumi kuna chuo cha VETA, vijana wanakaa darasani na kutoka na vyeti. Wengine wamejifunza chini ya mwembe kwa kubeba jeki ya bwana mkubwa. Wote wakifika kwenye bili, wanaulizwa swali lile lile: si unafungua tu na kufunga?

Nyie mnaoandika mnaijua hadithi hii. Mchapaji hudai karatasi, wino na gamba la rangi, na hulipwa. Aliyekesha akiyatafuta maneno hupewa nakala mbili na pongezi.

Fungu la tatu, mahali, halina huruma. Ukiharibikiwa mjini unachagua fundi. Ukiharibikiwa katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambamo barabara kuu inapita, fundi atakayekubali kuja ameshawapigia hesabu na tembo. Na vitunguu vikiwa nyuma ya gari, fundi wa barabarani huangalia mzigo kwanza, injini baadaye. Anajua vitunguu havisubiri.

Kwa hiyo, msomaji, pesa ya kweli huokolewa kabla. Kumwaga oili kila kilomita 5,000 kulitugharimu sisi 75,000 ya oili na filta, na 10,000 ya fundi. Hosi ya rejeta iliyochanika ilikuwa 15,000. Iache hivyo hivyo: maji yanaisha, injini inachemka, gasketi inaungua, silinda hedi inapinda, na hapo unahesabu malaki. Breki pedi zikiisha ukanyamaza, chuma kitakula disiki. Na sisi juu yetu tuna Mlima Kitonga, ambao haukopeshi breki mtu yeyote.

Na siku ya kwenda gereji, taka bili yenye mistari mitatu. Ufundi mpatane kabla boneti halijafunguliwa. Pesa ya spea itoe, lakini upewe risiti na kile kilichotolewa garini ukione kwa macho yako. Gari za siku hizi hupimwa kwa kompyuta. Lipia kipimo, lakini ujue kipimo si dawa. Ukiwa huna pesa ya spea mpya ya kweli, mafundi wengi watakwambia bora mtumba orijino kuliko mpya feki, na daftari langu linakubaliana nao. Sheria ya Ushindani ipo tangu 2003, na Tume yake hupambana na bidhaa bandia. Lakini toka huku Malolo, safari ya kwenda kudai huanza na kile kikaratasi ambacho sisi tunaona aibu kukiomba.

Halafu, kama ni lazima ubishane, bishana na boksi. Liulize limetoka wapi, nani amelithibitisha, atakayelirudisha likifa ni nani. Ukishamaliza kubishana na boksi, mlipe aliyelala chini ya gari lako. Ukiteremka Kitonga usiku, na mzigo nyuma, mikono yake ndiyo inayokushikilia.