Buibui wetu alipojivua ngozi

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mtacheka mkisikia kwamba sisi walimu wawili wa shule ya misioni tulifuga buibui darasani. Wengine watasema: "Watu hawa wamekosa kazi." Nyumbani kwetu tuliambiwa vivyo hivyo. Lakini twaomba mtusikilize mpaka mwisho, kwani katika jambo hili dogo tulitenda kosa, na kosa lenyewe likatufundisha.

Buibui tunayemsema si yule mdogo atandaye nyuzi zake katika pembe za nyumba. Ni yule mkubwa mwenye manyoya, upana wake kama kiganja cha mtu mzima, akaaye shimoni ardhini. Katika Kifaransa huitwa mygale, na wengine humwita tarantula. Jina hili la pili limetoka katika mji wa Taranto, nchi ya Italia, na zamani lilikuwa la buibui wa aina nyingine kabisa. Hapa kwetu Maniema watu humkuta wakilima shamba, nao humwua mara moja kwa jembe. Hatuwalaumu. Akitishwa huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno, na kuuma kwake kuna maumivu makali. Kwa sababu hiyo, tangu siku ya kwanza tuliweka sheria darasani: kutazama, ndiyo, kushika, hapana.

Wa kwanza aliletwa mwezi wa Oktoba 2022 na mtoto mmoja wa darasa la sita. Alimkuta katika shamba la mihogo la mama yake, akamtia katika kopo, akamfunika kwa jani la mgomba. Mtoto huyu alikuwa amefiwa na baba yake mwaka uliotangulia. Tangu hapo alikuwa hasemi. Akiulizwa swali, alitazama chini tu. Sisi tulidhani ni uvivu. Kila siku tulimsimamisha mbele ya ubao ili azoee kusema, na kila siku alisimama pale kama mti, mpaka wenzake wakaanza kumcheka. Basi, siku ile alipoleta buibui, tulifurahi kuona ya kuwa kuna kitu anachokipenda.

Tulimweka buibui katika chupa pana ya kioo, tukatia udongo na kifuniko cha kopo chenye maji. Juu tukafunika kwa bati lenye matundu madogo. Tulimpa panzi na nyenje, naye alikula vizuri. Lakini mwezi wa Novemba ulipokwisha, alikataa chakula. Akawa mzito, rangi yake ikafifia, tumbo lake likavimba. Tukasema: "Ana ugonjwa, yafaa ale apate nguvu." Tukamwongezea nyenje watatu wazima, tukawaacha humo chupani.

Asubuhi moja tulimkuta amelala chali, miguu juu. Tukasema: "Anakufa huyu!" Mmoja wetu akatwaa kalamu ya risasi ili amgeuze asimame. Yule mtoto, ambaye alikuwa hajasema neno darasani tangu mwaka wa shule ulipoanza, akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, umwache." Hatukumsikiliza. Mtoto amfundishe mwalimu? Tukamgeuza.

Kumbe buibui alikuwa hafi. Alikuwa anajivua ngozi. Tulipomgeuza, miguu miwili ilinaswa ndani ya ngozi ya zamani, asiweze kuitoa. Wale nyenje tuliowatia kwa kumwonea huruma walimpanda, wakamwuma tumboni, mahali palipokuwa laini kama ngozi ya mtoto mchanga. Saa kumi ya jioni alikuwa amekufa kweli. Mtoto alimtazama, asilie, asiseme kitu. Akaenda zake nyumbani.

Jambo hilo lilitusumbua. Tulikwenda kwa padri mmoja apendaye kusoma habari za wanyama, akatueleza mengi, nasi twayaandika hapa ili mwingine asikosee kama sisi.

Buibui hana mifupa ndani ya mwili. Ngozi yake ngumu ndiyo mifupa yake, ndiyo nguo yake, ndiyo nyumba yake. Ngozi hiyo haitanuki kadiri anavyokua. Basi akitaka kukua, hana budi kuiacha na kutoka na nyingine mpya. Wadogo hujivua mara nyingi katika mwaka mmoja. Jike mzima hujivua labda mara moja kwa mwaka, hata baada ya muda mrefu zaidi. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Arkansas, Marekani, jina lake William Baerg, aliwafuga buibui hawa miaka mingi, akatoa kitabu juu yao mwaka 1958. Aliona kwamba dume wa nchi ile huchukua miaka kama 10 mpaka kupevuka, kisha hadumu. Lakini jike huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Tazameni, mdudu tunayemponda kwa jembe yaweza kuwa amezaliwa kabla ya wanafunzi wetu!

Siku zikikaribia, buibui hukataa chakula, majuma mengi au hata miezi. Huwa mzito, hujificha. Kisha hutandika nyuzi zake chini kama mkeka, hulala chali juu yake. Damu yake husukumwa kwa nguvu kwenda mbele, na kifuniko cha mgongo hupasuka pembeni na kufunguka kama kifuniko cha sanduku. Ndipo anapoanza kuvuta miguu yake minane, polepole, kama mtu avuaye soksi iliyolowa maji. Anavua hata ngozi ya mapafu yake na ya tumbo la kufyonzea chakula. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa mdogo, na saa nyingi kwa mkubwa. Wakati huo hawezi kukimbia wala kujitetea. Hata sisimizi mmoja ni adui mkubwa kwake.

Tena padri alitufundisha kumtambua mfu. Buibui akifa, mara nyingi miguu hujikunja chini ya mwili kama vidole vya ngumi. Anayelala chali na miguu imelegea, huyo ana kazi yake. Msimguse.

Baada ya Noeli, mwezi wa Januari 2023, mtoto yule alituletea buibui mwingine. Hatukuthubutu kumwomba, alimleta mwenyewe. Huyu alikuwa na miguu saba tu, wa nane ulikatika zamani. Wanafunzi walimwita Mama Mzee kwa mwendo wake wa taratibu. Safari hii tulimpa mtoto daftari, tukamwambia: "Wewe ndiwe mlinzi. Andika kila siku unayoyaona. Sisi tutakufuata." Wala hatukumsimamisha tena mbele ya ubao.

Tulitia udongo mwingi, mpaka juu ya nusu ya chupa, ili apate kuchimba, tena ili asianguke kutoka juu. Kwa maana tumbo lake likigonga chini hupasuka. Chupa tuliiweka juu ya meza ndogo katika chumba cha vitabu, mbali na jua na mbali na moto. Kila mguu wa meza tuliusimamisha ndani ya kopo la maji, kama mama zetu wafanyavyo kabatini mwa chakula, ili sisimizi wasipande. Dawa ya kupuliza mbu ilikatazwa chumbani, kwani haichagui kati ya mbu na buibui.

Tarehe 6 Machi mtoto aliandika: "Leo amekataa panzi." Tukamtoa yule panzi siku ile ile. Ilikuwa Kwaresima, na wanafunzi wakacheka wakisema: "Mama Mzee anafunga kwelikweli kutushinda sisi!" Pasaka ikafika, tarehe 9 Aprili, tukala na kushangilia, naye angali anafunga. Hapo wengine walianza kuogopa. Mmoja wetu, twakiri, alitaka kumjaribu kwa nyenje mmoja tu. Mtoto akatikisa kichwa. Tukanyamaza. Kazi yetu ikawa moja: kuongeza maji kidogo katika kifuniko, kulowesha udongo upande mmoja, na kungoja.

Tarehe 25 Aprili buibui alionekana ametandika mkeka wake wa nyuzi karibu na kioo. Na usiku ule ule, baada ya mvua kubwa, siafu waliingia shuleni.

Nani wa huku kwetu asiyewajua siafu? Wakija, mwenye kuku hufungua banda upesi. Mlinzi wa shule alituamsha, tukaja mbio na taa. Walikuwa wakipita chumbani kama mto mweusi, wakitafuta mende nyuma ya vitabu. Tufanyeje? Kuibeba chupa ni kumtikisa katika saa mbaya. Kuiacha ni kutegemea makopo manne ya maji. Tukatazamana. Kisha tukasogeza viti vyote vilivyogusa meza, tukajaza makopo mpaka juu, tukamwaga majivu mengi kuzunguka meza, tukasimama juu ya benchi tukiwaangalia. Siafu walifika kwenye maji, wengine wakazama, wengine wakarudi. Mmoja wetu alisali Rozari, mwingine alijikuna miguu. Karibu na saa kumi ya usiku walikuwa wamekwisha pita. Meza haikuguswa.

Alhamisi jioni, tarehe 27, Mama Mzee alilala chali. Tuliwaita wanafunzi waliokuwa karibu, nao wakaingia wawili wawili, bila viatu, bila kusema. Hatukuwahi kuona darasa limenyamaza namna ile. Kifuniko kilifunguka, miguu ikaanza kutoka, mmoja mmoja, myeupe na laini. Ikapita saa nzima, ikapita ya pili. Mara nyingi alisimama kupumzika, na kila mara mikono yetu ilitaka kusaidia. Tukaiweka mifukoni. Ilipokaribia saa nne ya usiku alikuwa nje, amelala kando ya ngozi yake kama mtu kando ya koti alilovua.

Yule mtoto alihesabu miguu. Akahesabu tena. Kisha akatugeukia, akasema kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote: "Mwalimu, ni minane." Naam, mguu uliopotea ulikuwa umerudi, mwembamba, mfupi kidogo kuliko mingine, lakini mguu kweli. Tulipomwuliza padri, alisema ndivyo ilivyo: mguu mpya huumbika ndani kwa siri, nao huonekana siku ya kujivua tu.

Meno yake yalikuwa meupe kama maziwa. Siku zilizofuata yakawa mekundu, kisha meusi. Mpaka yawe meusi hatukumpa chakula, kwa sababu meno laini huvunjika, na hata panzi mdogo angeweza kumjeruhi. Maji tu. Siku ya 14 tulimpa panzi mdogo, naye akamkamata mara moja. Mtoto aliandika katika daftari: "Mama Mzee amefungua."

Mwisho wa mwaka wa shule mtoto alisimama mbele ya darasa akasoma daftari lake lote, kurasa 19. Hatukumlazimisha, aliomba mwenyewe. Sauti ilitetemeka mwanzoni, baadaye ikanyoka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Kisha, kwa kuwa wakati wa mapumziko hapangekuwa na mtu wa kulinda, tulimpeleka Mama Mzee mbali kidogo na mashamba, ukingoni mwa msitu, tukalaza chupa, tukaondoka.

Wasomaji wapenzi, hatutaki kusema kwamba mtoto wa Mungu ni sawa na buibui. Lakini mara ngapi tumeona mtu amenyamaza, hali, hachezi, amejificha, nasi tukamvuta kwa nguvu tukidhani twamsaidia! Mjane katika matanga yake, kijana anayetafuta wito wake, mkatekumeni anayeacha desturi za zamani: kila mmoja ana ngozi ya kuivua, na hakuna awezaye kumvulia. Aliye mlegevu namna hiyo huumizwa hata na kitu kidogo. Tusimwache peke yake, la. Tumtilie maji. Tumwondolee wanaomwuma. Tukeshe siafu wakija. Lakini kalamu ya risasi tuiache mezani.

Kosa la yule wa kwanza hatujalisahau. Mtoto alitusamehe bila maneno, kwa kutuletea wa pili. Mungu amjalie.